Place, location, site, spot, venue: lipi liende wapi? Uzi wa tunaoandika Kiingereza cha wageni Lamu na Malindi

Karani wa Mkomani (mwenye uzi)

Assalaam aleikum jamaa zangu wa Lamu, wa Malindi na kote mnakosoma. Uzi utakuwa mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Kazi yangu ni kuandikia watu Kiingereza: tangazo la nyumba ya kulala wageni, kibao cha mlangoni, maelezo ya safari ya jahazi, barua ya kikundi cha kina mama inayokwenda kwa mfadhili. Kuna jambo moja linaniuma kwa sababu kazi za watu hawa ni nzuri na zinastahili maneno yake. Mtu akishaandika "place" mara mbili anaona haya. Analiona neno la darasa la tatu, analifuta, anaweka "location" kila lilipokuwa. Au "venue". Au "site". Kamusi ya simu imemwambia yote hayo ni mahali, naye anachukua lenye sauti ya ofisini.

Ndipo tunapata "Shela is a nice location to relax" na "Our venue has six bedrooms". Mgeni ataelewa, sawa. Lakini atasikia kama anasoma karatasi ya dalali wa viwanja, na ile nyumba ya matumbawe yenye daka na kiwanda, yaani ua wa ndani, iliyotunzwa na familia vizazi na vizazi, inapoa kwa neno moja tu.

Mimi hujiuliza hivi, kwa Kiswahili: kitu hiki NI mahali, au KINA mahali kilipo?

Shela ni mahali, basi ni "place". Nyumba yako nayo ni mahali, unaweza kuiita "a quiet place". Ukitaka kueleza ilivyokaa, kwamba iko nyuma ya ngome na mbali na mivumo ya injini za boti, hapo unasema habari ya pale ilipo, na hiyo ndiyo "location". Angalieni tofauti: "The house is a quiet place" ina maana ukiingia ndani utakuta utulivu. "The house is in a quiet location" ina maana ujirani ndio mtulivu. Ndani huenda watoto wanapiga mpira uani tangu alfajiri. Zote mbili ni Kiingereza safi, ila zinaahidi vitu viwili mbalimbali, na mgeni aliyelipia cha kwanza akapewa cha pili atakuja kulalamika na atakuwa na haki.

Ndiyo sababu wenye lugha husema "a place to sleep", "a place to eat", wala hawasemi "a location to sleep". Mtu halali ndani ya "location". Hiyo ni jibu la swali la kiko wapi. Hata mtu akikutumia lokesheni kwa WhatsApp, alichotuma ni alama kwenye ramani, na mahali penyewe utapakuta ukifika.

Haya, leteni yenu.

Baharia wa Mokowe

Maalim, wa aleikum salaam. Sisi wa vyombo tulifundishwa kusema "my position is" kwenye redio. Kijana wangu ananikosoa, ati siku hizi ni "location". Nani mkweli?

Karani wa Mkomani

Mzee wangu shikamoo. Baki na "position", na kijana aambiwe kwa upole. Wito wa hatari kwenye chaneli ya 16 una mpangilio wake unaojulikana dunia nzima: Mayday mara tatu, jina la chombo, kisha "position", kisha shida iliyokupata na idadi ya watu uliowabeba. Neno hilo limewekwa hapo kwa maana. Chombo kinakokotwa na mkondo, dakika kumi zijazo hakipo pale. "Position" ni pale kitu kilipo kwa kipimo, au kwa kulinganisha na vingine, na haina budi kubadilika kitu kikisogea. "Location" inakaa vizuri zaidi kwa kilichotulia: kisima, mnara wa simu, nyumba.

Mji wetu uko takriban nyuzi 2 dakika 16 kusini na nyuzi 40 dakika 54 mashariki. Mji hauhami, hiyo waweza kuiita "location" yake bila shida. Jahazi likipita hapo hapo, vipimo vile vile ni "position" yake.

Na mtu aliyepotea, usiulize "location" yake wala "position" yake. Kuna "whereabouts", neno la mtu au kitu kisichojulikana kilipo, na ile herufi ya s haliachi hata kama mpotevu ni mmoja.

Mwana wa Langoni

Mimi nina swali la kiserikali. Kwenye kitambulisho changu, kile cha kizazi cha pili, mbele kumeandikwa "place of issue" na nyuma kuna "location" na "sub-location". Sasa hapo umesema nini kuhusu ni na kina?

Karani wa Mkomani

Ahsante sana, hili ndilo linalotuponza Wakenya kuliko yote, na nilikuwa nangoja mtu alilete.

Kwetu "location" ni eneo la chifu, na "sub-location" ni la naibu wake. Lina mipaka, lina ofisi, lina muhuri. Ni jina la ngazi ya utawala kama "county" na "division". Mkenya akisema "I come from that location" anamaanisha chifu fulani. Mtu wa Uingereza akisikia sentensi hiyo anangoja umwonyeshe ramani, kwa sababu kwake neno halina chifu ndani yake.

Na kusini mwa bara letu lina kidonda. Afrika Kusini na Namibia "location" lilikuwa jina la mtaa waliotengewa Waafrika nje ya mji wa wazungu. Mjini Windhoek palikuwa na Old Location, na tarehe 10 Desemba 1959 polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakipinga kuhamishwa kutoka hapo. Mgeni wako akitoka huko, neno hilo hupita masikioni mwake kwa uzito mwingine kabisa.

Kwa hiyo barua inayokwenda ofisi ya kaunti au kwa chifu, andika "location" kwa maana ya chifu na usilitumie kwa maana nyingine ndani ya barua hiyo hiyo. Utamchanganya afisa. Tangazo linalokwenda kwa wageni, kinyume chake.

Mwalimu wa Watamu

Nachangia kama mwalimu wa lugha. Ndugu Karani, kipimo chako kizuri, lakini Kiswahili kina kipimo chake cha siku zote na umekiruka: PA, KU na MU. Mahali hapa, mahali huku, mahali humu. Hapa ni pa kuonyeshwa kwa kidole, huku ni upande mzima usio na mpaka wazi, humu ni ndani. Mwingereza hana viambishi hivyo, kwa hiyo anabadilisha nomino. Ukisikia PA kichwani, andika "spot" au "point". Ukisikia KU, andika "area" au "region". Ukisikia MU, "premises", "room", "interior". Wanafunzi wangu wanalishika upesi.

Karani wa Mkomani

Mwalimu, hili nimelipenda na nitalitumia. Linafungua mlango wa kwanza vizuri sana, hasa kwa "area". Watu wengi huandika "in this place there are many mangroves" wakati kichwani wanasema huku kwetu kuna mikoko mingi. Huku! Basi ni "in this area".

Lakini linafika nusu ya njia. "Spot", "site", "scene" na "venue" zote ni PA. Zote zinaonyeshwa kwa kidole. Kinachozitenganisha ni shughuli. Chukua uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome. Mzee anayetafuta kivuli cha kuchezea bao amepata "a good spot". Tamasha likifanyika hapo jioni, uwanja ni "venue". Mkoba wa mtu ukikwapuliwa usiku, askari wanaandika "scene". Mafundi wakifukua wiki ijayo kuweka mabomba, ni "site". Uwanja ni ule ule, haukusogea hata shubiri. Ndiyo maana nasema usiangalie ukubwa wa mahali, uliza pana nini, pamefanyika nini, patafanyika nini.

Na mwalimu, nikuongezee kwenye "premises": likiwa na maana ya jengo na uwanja wake halina umoja. Vibao vya "this premise is protected" vimejaa pwani nzima. Ni "these premises are". Ukiandika umoja, umesema dhana ya hoja ya kimantiki ndiyo inayolindwa na mbwa.

Dada wa Shela

Kaka Karani, "venue" kwa Maulidi ya Riyadha je? Nilitaka kuandika kwenye kadi ya Kiingereza "Venue: Riyadha Mosque".

Karani wa Mkomani

Dada yangu, kwenye kadi, ile mistari ya tarehe, saa na mahali, "Venue" ni kawaida na halina ubaya. Ndani ya maelezo marefu ya mgeni nisingeliandika. Msikiti haupo kwa ajili ya hafla moja. "Venue" ni mahali panapotazamwa kwa jicho la shughuli inayoletwa pale: ukumbi, uwanja wa mpira, bustani ya harusi. Andika tu "The Maulidi is held at Riyadha Mosque" na heshima ya mahali itabaki.

Mwana wa Langoni

Na mimi linaloniudhi ni mji wetu kuitwa "site". "Visit the site", "people living in the site". Sisi si magofu. Mimi nimezaliwa humu, ndia zote nazijua kwa giza, halafu naishi kwenye "site"?

Karani wa Mkomani

Hasira zako ni za haki, na nitaeleza neno lilipoingia. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mkataba wenyewe wa 1972 unataja aina tatu za urithi wa kitamaduni: minara na kazi za sanaa ya ujenzi, makundi ya majengo, na "sites". Lakini mdomoni mwa watu kila kilichomo kwenye orodha huitwa "World Heritage Site", hata Mlima Kenya ulioingia 1997. Ni cheo.

Kwa hiyo taja cheo mara moja: "Lamu Old Town, a World Heritage Site since 2001". Kuanzia hapo andika "the town", na watu ni "people of the town". Usirudie "the site" aya nzima. "Site" ni pale palipokuwa na kitu, au panapofanyiwa kazi, au panapongoja kujengwa. Mji wenye adhana, sokoni kuna pweza, na punda wanapishana na watoto wa madrasa pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji, huo ni mji.

Takwa kule kisiwani Manda ni jambo jingine. Watu walihama zamani, wamebaki msikiti na kuta. "Site" inafaa, "ruins" inafaa, na "ruins" iwe wingi kwa kuwa ni mabaki ya mji mzima. Hapo hapo tunaona na lile la kwanza: Takwa ni "a peaceful place", na "its location" ni mwisho wa hori la mikoko, ndiyo maana boti hungoja maji yajae ndipo iingie.

Kijana wa Ngomeni

Huku Malindi tuna Gede. Na kwetu Ngomeni kuna kile kituo cha Waitaliano cha San Marco. Niandike "site" au "place" au nini?

Karani wa Mkomani

Gede ni mfano safi kabisa. Mji uliohamwa, James Kirkman akaanza kuuchimba 1948, na ulipoingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024 jina rasmi lilibeba maneno yote mawili: "The Historic Town and Archaeological Site of Gedi". Ulikuwa mji, sasa ni mahali pa wachimbuzi wa mambo ya kale. Waliochagua jina walijua wanachofanya.

San Marco ni "launch site" kwa sababu roketi zilirushwa hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka pale setelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, iliyokwenda kuchunguza miale ya eksirei angani. Ukieleza lile jukwaa lenyewe lililosimama baharini, sema "platform". Na ukiwaambia wageni kijiji chenu cha Ngomeni ni "a launch site" utawakosea wavuvi na wenye mashamba ya chumvi. Ngomeni ni "a fishing village near the launch site".

Kwa kuwa uko Malindi, jambo moja la haraka: ile hifadhi ya bahari ya tangu 1968 ina "park" na ina "reserve". Kwa sheria yetu si kitu kimoja. Ndani ya "marine park" uvuvi hauruhusiwi kabisa, kwenye "reserve" uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Waongoza wageni wengi hubadilishana maneno haya ili wasirudie. Hapa rudia. Lakini pale mnapowashusha wageni kutazama matumbawe na samaki, hiyo ni "snorkelling spot", na neno limekaa.

Baharia wa Mokowe

Ahsante kwa jibu la awali. Sasa niambie, kwa nini watu wanaandika "Lamu port" wakimaanisha gati la mjini? Mgeni mmoja alishushwa uwanja wa ndege akasema anataka "port", akaanza kutafutiwa boti ya kwenda bandari mpya.

Karani wa Mkomani

Hili limekuwa la hatari kweli tangu gati la kwanza la bandari mpya ya upande wa bara lianze kazi 2021. "Lamu Port" sasa ni jina la kitu kikubwa, cha meli za makontena. Pale mjini tunapopandia boti andikeni "the main jetty", na Mokowe "Mokowe jetty".

"Jetty" imetoka nje kuingia majini, huko ndiko boti zinakofunga. "Quay" inakwenda sambamba na ufuo, kama ule ukuta wa mbele ya mji. "Harbour" ni maji yenyewe, yale yaliyokingwa dhidi ya mawimbi. Yetu yamekingwa na Manda, na hata mtu asingejenga kitu yangekuwa "harbour" vile vile. "Port" ni shughuli: forodha, shehena, makuli, karatasi.

Na "creek", mzee, uangalie nani anasoma. Kwa Mwingereza na kwetu, "creek" ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kama Mida au Kilifi. Kwa Mmarekani ni kijito cha maji baridi. Ukimwandikia Mmarekani "we sail up the creek", weka "tidal creek" na atafahamu kwamba maji yanajaa na kupwa. Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, usiuite "creek", huo una bahari pande zote mbili, ni "channel".

Dada wa Shela

Na "beach", "shore", "coast"?

Karani wa Mkomani

"Coast" ni pwani kama upande wa nchi, ndiyo maana Kenya nzima huita kwetu "the Coast". "Shore" ni ukingo wa maji, uwe mchanga, mwamba au mikoko. "Beach" lazima pawe na mchanga au changarawe za kukanyaga. Kwenu Shela ni "beach" na hakuna wa kubisha. Mbele ya mji wa Lamu hakuna "beach", kuna "seafront" au "waterfront". Matangazo yanayoandika "beach house" kwa nyumba ya Mkomani yaache.

Mwalimu wa Watamu

Usisahau "in", "on" na "at". Wanafunzi hulia hapo.

Karani wa Mkomani

Kisiwa kikitajwa kama kisiwa, "on": "on Manda Island", "on the island". Mji, "in": "in Lamu", "in Malindi". Mahali pa kukutania, "at": "at the jetty". Na punguzeni "is located". "The fort is in the middle of town" yatosha.

Mama wa Faza

Salaam wanangu. Mimi nimesoma uzi wote kwa sababu kikundi chetu kinaandika barua ya kuomba chumba cha barafu karibu na diko. Kijana ametuandikia hivi: "Our location is a fishing place. The venue for the cold room is located at the site of boats. Fishermen come from far locations." Mfadhili ataelewa?

Karani wa Mkomani

Shikamoo mama. Ataelewa nusu, na mnataka aelewe yote kwa kuwa ni pesa. Kijana amejitahidi, maneno yote yamo, yamekaa viti vya wenzao tu.

Diko kwa Kiingereza cha idara ya uvuvi ni "landing site". Pale mnapotaka kujenga ni "proposed site", lakini "site" zikiwa mbili mstari mmoja zitagongana, kwa hiyo tumia "plot" kwa kiwanja, ikiwa mna karatasi zake. Wavuvi wanakokwenda kuvua ni "fishing grounds", daima hivyo. Na Faza ni "town", msijiite "place", ninyi mna jina. Basi iwe hivi:

"Faza is a fishing town on Pate Island. We propose to build the cold room on a plot beside the landing site. Our members work fishing grounds several hours away by sail, and much of the catch spoils before it can be sold."

Ile ya samaki kuharibika nimeiongeza mimi, kwa kuwa hamkuitaja na ndiyo sababu ya kuomba. Kama si kweli kwenu, ifuteni.

Mama wa Faza

Ni kweli tupu mwanangu. Hasa wakati wa kusi. Mungu akuzidishie. Kiwanja kina barua ya chifu.

Karani wa Mkomani

Amina. Basi juu ya barua, chini ya jina la kikundi, wekeni "Location" na "Sub-location" kama zilivyo kwenye barua ya chifu, herufi kwa herufi, maana afisa wa kaunti atazilinganisha. Nakala ya barua hiyo iambatanishwe. Mkimaliza nitumieni kwa ujumbe wa faragha kabla ya Ijumaa niipitie, hakuna malipo.